Springi Hazilali

Kambi ya Chini,
Nanyuki.
3 Februari 2025

Kwa Mzee Ramesh,

Pokea salamu nyingi kutoka Laikipia. Hunijui kwa sura. Mimi ni Wanjohi, ndugu mdogo wa Jedidah, yule anayekuja kwako asubuhi na jioni kukusaidia kuoga, kula na kumeza dawa. Amenieleza kwamba masikio yako hayapokei simu tena, na kwamba anayetaka kuongea nawe lazima aandike. Ndiyo maana nimeshika kalamu, kitu ambacho sijafanya tangu nimalize shule.

Kwanza nataka kushukuru. Dada yangu aliingia London wakati wa baridi, hana mtu. Nyumba ya kwanza aliyotumwa kuhudumia alifukuzwa kabla hajavua koti. Ya pili ikawa yako. Jioni hiyo alinipigia simu akilia kwa furaha, eti amefungua mlango akakuta mzee wa Kihindi anamuuliza kwa Kiswahili kama ameshakunywa chai. Mama alipiga vigelegele mpaka jirani akaja kuuliza nani ameoa.

Pili, nimesikia ulikuwa fundi wa bunduki Nakuru. Nina swali, na kuuliza si ujinga. Ile springi ya ndani ya magazini, inayosukuma risasi juu, huchoshwa na nini? Hapa kambini tuna desturi ya kuzilaza. Kila jioni tukirudi doria tunatoa risasi zote ili springi zipumzike usiku, na asubuhi tunajaza tena, ishirini kamili. Ikilegea sana, mwenzetu mmoja huitoa na kuivuta kwa mikono irefuke. Nauliza tu, hakuna lililotokea.

Tatu ni ombi. Jedidah anajua niko getini nikikata tiketi za watalii. Nilikuwa huko kweli, kwa muda, kwa sababu alinililia sana mwenzetu mmoja alipouawa na majangili. Halafu doria ya kulinda vifaru wa hifadhi ikapungukiwa na watu, nikarudi. Naomba hili libaki kati yetu.

Ni mimi,
Wanjohi


Hayes, London
24 Februari 2025

Kijana Wanjohi,

Barua yako imefika imekunjamana kama shati la mwanafunzi. Jedidah ndiye aliyeiokota mlangoni. Alipoona mwandiko alicheka, akaniandikia ubaoni kwamba ndugu yake huandika kama kuku anayetafuta mtama. Hakuifungua. Amelelewa vizuri, mwambie mama yenu nimesema hivyo.

Unanishukuru mimi? Ngoja nikuambie kitu. Tangu mke wangu Lata afariki, Kiswahili kilikuwa kimekufa katika nyumba hii. Lata na mimi tuligombana kwa Kigujarati na kupatana kwa Kiswahili, ndivyo tulivyoishi Nakuru na ndivyo tulivyoishi hapa. Binti yetu Rupa anakielewa lakini anajibu kwa Kiingereza, tena midomo yake huenda mbio siwezi kuisoma. Miaka yote hiyo sikuwa na mtu wa kupatana naye. Sasa kila asubuhi yuko mtu anayeniandikia "Umeamkaje, Mzee?" kwenye ubao mweupe, na mimi namjibu kwa sauti kubwa mpaka majirani wanagonga ukuta. Rupa ndiye aliyeniambia kwamba wanagonga. Deni la shukrani liko kwangu.

Haya, springi. Nani aliwadanganya kwamba springi inalala? Springi si ng'ombe. Chuma kizuri kilichobanwa kwa kipimo chake kinaweza kukaa hivyo muda mrefu sana bila kunung'unika. Kinachokimaliza ni kubanwa na kuachiliwa, kubanwa na kuachiliwa. Nyinyi mnakifanyia hivyo kila siku ya Mungu, halafu mnaita huruma! Ile risasi ya juu nayo, mnayoiingiza kwenye chemba asubuhi na kuitoa jioni, itazameni. Nyingine mtakuta kichwa chake kimeanza kudidimia ndani ya ganda. Hiyo msiitumie, irudisheni kwa mtunza silaha.

Huyo anayevuta springi kwa mikono aache leo hii. Springi iliyovutwa huwa ndefu kwa macho na dhaifu kwa kazi. Itakupa moyo wakati wa kukagua na kukuacha wakati wa shida.

Fanyeni hivi. Mkiingia kambini, bunduki itolewe magazini na chemba iwe tupu, hiyo ni sheria na msiiguse. Lakini magazini yenyewe iacheni na risasi zake. Msijaze ishirini, jazeni kumi na nane, ndipo itakapoingia vizuri na kufunga bila kulazimishwa. Kila mkijaza, igonge kiganjani kwa ubavu wake wa nyuma ili risasi zilale sawa. Bonyeza ya juu kwa kidole gumba: ishuke kidogo na irudi kwa nguvu. Ikirudi kivivu, iweke kando. Ukiipachika kwenye bunduki, ivute chini uone kama imeshika. Na msitie mafuta ndani yake. Vumbi la Laikipia likikutana na mafuta huwa uji.

Siri yako nimeipokea, ingawa sijaipenda.

Mwisho, unasema hakuna lililotokea. Kijana, nimekaa nyuma ya meza ya karakana maisha yangu yote ya utu uzima, na sijaona mtu aliyeuliza habari za springi kwa mapenzi. Ilikuwa risasi ya ngapi?

Ramesh


Kambi ya Chini,
Nanyuki.
20 Machi 2025

Mzee wangu Ramesh,

Ilikuwa ya pili.

Tulikuwa watatu, Sajini Douglas mbele. Tulifuata nyayo za viatu mpaka karibu na maji, mahali ambapo kifaru mmoja ana ndama. Sajini aliwaita wajisalimishe. Wao wakajibu kwa risasi. Nilipiga moja, nikavuta triga tena nikasikia tak, basi. Magazini ilikuwa imejaa, lakini risasi zimekaa chini kama watoto wasiotaka kutoka kitandani. Nilisimama pale nikiitazama bunduki yangu.

Sajini alinivuta kwa mkanda wa kiunoni akanitupa nyuma ya kichuguu, kisha akasimama palepale nilipokuwa nimesimama mimi. Wale watu walikimbia. Kifaru na ndama wake wako salama. Tangu siku hiyo Sajini hajalitaja jambo lile hata mara moja, wala kunicheka. Mtu kama huyo unamshukuru kwa maneno gani?

Sasa elewa shida yangu. Maagizo yako nimeyasoma mpaka karatasi imechanika kwenye mikunjo. Lakini aliyetufundisha kulaza springi ni Sajini huyohuyo, naye alifundishwa na mkubwa wake alipokuwa kuruta. Kila jioni hutandika blanketi karibu na moto, tunakaa mzunguko, kila mtu anatoa risasi zake na kuzipanga mbele yake. Hapo ndipo hutusimulia visa, hapo ndipo mwenye shida nyumbani huisema. Wengine tuliwalilia baba zetu pale, kwenye blanketi lile. Ndiyo saa yetu nzuri kuliko zote. Nikisimama niseme eti mzee mmoja wa London amesema haya yote ni makosa, nitakuwa nimemvua nguo mtu aliyeniokoa. Na nisiposema, iko siku springi nyingine italegea, na hatutajua itakuwa ya nani.

Nifanyeje?

Ni mimi,
Wanjohi


Hayes, London
14 Aprili 2025

Wanjohi, kijana wangu,

Nimeisoma barua yako mara tatu, na mara zote nimefika kwenye ule mkanda wa kiunoni nikalazimika kufuta miwani. Mshukuru Mungu kwa Sajini huyo. Mimi nimeshamshukuru, kwa miungu yangu yote, na iko mingi.

Wazo langu la kwanza lilikuwa kununua springi mpya hapa na kuziposti. Nikamwandikia Rupa anitafutie. Alikuja mwenyewe, mikono kiunoni, akaniandikia ubaoni kwa herufi kubwa kwamba nikituma vipuri vya bunduki Kenya, polisi watakuja kuninywesha chai ya asubuhi huko kituoni kwao. Basi. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Itabidi mzipate hukohuko.

Kuhusu Sajini, usimwambie amekosea, kwa sababu mtu hakosei kwa kutunza. Alifundishwa kutunza akatunza. Hilo blanketi msiliondoe kamwe, ondoeni tu ile kazi mbaya inayofanyika juu yake. Tafuta rangi kidogo, mwendee kwa adabu, umwombe akusaidie kuzipaka namba magazini zote za kambi, yake iwe ya kwanza kwa kuwa yeye ni mkubwa. Siku za shabaha, kila itakayokwama mwangalie namba yake. Msiirudishe kwenye rundo ikajificha kati ya wenzake, iwekeni peke yake. Jioni mkae kama kawaida, mpanguse vumbi, mbonyeze kwa kidole gumba, yeye asimulie visa. Baada ya muda namba zitasema zenyewe, na yeye ndiye atakayezisikia kwanza. Mafundi na masajini tuko hivyo. Tukiambiwa tunakasirika, tukijionea tunanyamaza, halafu tunabadilika.

Sasa nikuseme wewe. Jana Jedidah aliniosha miguu, akanikata kucha, akanipaka mafuta kwenye visigino vilivyopasuka. Alifanya taratibu, wala si kwa haraka ya mtu mwenye nyumba nyingine ya kwenda, ingawa alikuwa nayo. Kisha akaandika ubaoni, "Wanjohi anakusalimu. Anasema getini kuna watalii wengi wiki hii." Nilijifanya natazama ndege inayoshuka Heathrow. Sikupenda nilivyojiona. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi sitaki kuwamo siku ya kuumbuliwa. Mwambie wewe mwenyewe.

Mwezi ujao watanipasua jicho la kulia, ndilo lenye nguvu. La kushoto huona vitu vikubwa tu. Ukiona kimya usidhani nimekufa.

Ramesh


Kambi ya Chini,
Nanyuki.
9 Juni 2025

Kwa Mheshimiwa Mzee Ramesh,

Mimi ni Sajini Douglas. Naandika mimi kwa sababu Wanjohi hawezi kushika kalamu. Alipigwa risasi. Nitaripoti kwa mpangilio.

Mwezi wa tano alinijia na mkebe wa rangi nyeupe, akaomba nimsaidie kuzipaka namba magazini. Aliongea kwa heshima nyingi mno. Nilijua mara moja kuna mtu nyuma yake, maana Wanjohi ni kijana mzuri ila ujanja hana. Nilikubali. Katika siku za shabaha zilikwama nyingi, na nyingi katika hizo zilikuwa za sisi wazee, ambao tumezilaza kwa muda mrefu zaidi. Namba moja, ambayo ni yangu, ilikwama mara mbili. Siku hiyo sikula. Siku ya pili nilizitia zote mbovu kwenye gunia, nikalimwaga gunia juu ya meza ya mkuu wetu, nikamwambia sitoki na vijana mpaka springi mpya zije. Zilikuja. Wanjohi ndipo akanionyesha barua zako. Nimezisoma. Umesema mtu hakosei kwa kutunza. Nakushukuru kwa neno hilo kuliko kwa mengine yote.

Tarehe 27 mwezi wa tano tulikutana na majangili wanne korongoni. Safari hii walikuwa wamejipanga. Walituona kabla hatujawaona. Mimi na kijana mwingine tulibanwa chini, hatuwezi kuinua kichwa. Wanjohi alikuwa juu yetu kwenye mawe. Alipigwa mkono wa kulia mwanzoni kabisa. Alihamishia bunduki kushoto, akaendelea. Nilikuwa nikihesabu bila kutaka, nikingojea ile tak ya siku ile. Haikuja. Kila risasi ilipanda. Alimaliza magazini akapachika nyingine kwa mkono mmoja, nayo pia ikafanya kazi. Wawili walikimbia, wawili wakasalimisha silaha. Sisi tulitoka korongoni kwa miguu yetu. Yeye tulimbeba. Alikuwa amepoteza damu nyingi, hanijibu nikimwita. Niliamuru gari liende mbio kuliko linavyoruhusiwa.

Wanjohi yuko hai. Alipasuliwa Nanyuki, mfupa umeungwa, vidole vinacheza. Anakula kama mtu asiyelipia chakula.

Blanketi tunalitandika kila jioni. Tumemwekea Wanjohi nafasi yake.

Wako mtiifu,
Sajini Douglas


Hayes, London
29 Juni 2025

Wanjohi, mwana wa mama,

Nimekataa kukupigia simu kwa sababu kwenye simu utanichekesha, na mimi sitaki kucheka. Keti usome.

Mzee alipasuliwa jicho, halijapona na bado limefungwa kitambaa. Hilo lingine halioni herufi za kawaida. Barua ya Nanyuki ilipofika, mwandiko ukiwa si wako, nilidhani ni rafiki yako anamsalimu. Nilimwonyesha bahasha akafurahi kama mtoto, akidhani umeshanieleza habari za doria. Akaniambia, "Binti, kwa vile huwezi kunisomea nikasikia, niandikie kwa herufi kubwa." Nikachukua karatasi za kuchorea na kalamu ya wino mzito, nikaketi mbele ya kiti chake. Maneno matano au sita kwa karatasi moja. Naandika, nainua juu, anasoma, naiweka chini, naandika nyingine.

Unajua sentensi ya tatu ya Sajini wako ni ipi?

Niliandika "alipigwa risasi" nikidhani nimesoma vibaya. Nilitazama tena. Mzee alikuwa anangoja, na mimi siwezi hata kupiga kelele akasikia. Basi niliinua. Aliisoma, uso ukamsawijika. Nilitaka kuruka mpaka mwisho wa barua. Akanishika mkono, akasema, "Usisome mbele, Jedidah. Ukijua peke yako utaanguka peke yako. Tuende pamoja." Kwa hiyo tulienda pamoja. Nimeandika kwa mkono wangu mwenyewe, kwa herufi kubwa kama za duka, ile tak, na Mzee akanieleza jinsi bunduki ilivyokukatalia siku ile na Sajini alivyosimama mahali pako. Nimeandika korongo. Nimeandika damu. Nimeandika kwamba uliitwa na hukujibu. Huyo Sajini na mpangilio wake, siku nitakayokutana naye nitamkumbatia, kisha nitampiga makofi.

Nilipofika kwenye karatasi inayofuata herufi zilikuwa tatu tu na zilijaa karatasi nzima, maana mkono haukujua kupunguza. HAI. Mzee aliichukua kutoka kwangu, akaiweka kwenye paji la uso wake, akalia kwa sauti, naye hajui kama sauti yake inasikika. Mimi nililia sakafuni nimelalia magoti yake. Jirani aligonga ukuta. Nilimgongea na mimi.

Na wewe uliniambia umeteguka mkono ukishuka kwenye pikipiki. Wanjohi!

Nimekasirika, na hasira hiyo utaikuta Desemba nikija, usidhani itapoa. Lakini tangu siku hiyo kila nikifungua mdomo kukulaumu shukrani inatangulia kutoka. Namshukuru Mungu. Namshukuru Sajini aliyesimama mahali pako. Nimemshukuru Mzee, ingawa siku ya kwanza nilikataa kumpikia chai. Aliniomba radhi kwa kunificha. Nikamwandikia ubaoni kwamba wakati mimi nilipokuwa nikimtunza yeye, yeye alikuwa akikutunza wewe, na hakuna mtu mwingine mji huu wote ambaye angeweza kunifanyia hivyo. Alisoma kwa jicho moja, kisha akauliza chai iko wapi.

Sikuambii uache doria. Nimekaa na jambo hili na nimeona kwamba wewe si mtu wa tiketi. Ila nisikilize. Tangu urudi huko nimekuwa nikipiga magoti kila siku kabla ya shifti, nikimwomba Mungu akulinde na watalii wenye maneno makali. Nimeomba usichoke kusimama. Nimeomba mvua isikunyeshee getini. Maombi yote hayo, Wanjohi, na risasi zinapita juu ya kichwa chako.

Usinifanyie hivyo tena. Mkono ukipona, niandikie kila siku mnayotoka na mnakoelekea, hata kama ni mstari mmoja, ili nijue ninachoomba.

Dada yako,
Jedidah